Kocha akishinda mjanja, akisawazishiwa muoga

Tarehe 7 Septemba 2023 Taifa Stars walikwenda Annaba kucheza na Algeria wakihitaji pointi moja tu ili wafuzu AFCON, fainali za Mataifa ya Afrika, za Ivory Coast. Wakaipata. Ilikuwa mechi ya kukaba mwanzo mwisho: timu nzima nyuma ya mpira, mabeki wanaondoa kila kinachotua ndani ya boksi, kipa hana haraka. Ikaisha 0-0. Tanzania ikamaliza kundi na pointi 8, Uganda ikabaki na 7, na vijiwe vya Dodoma vikapata cha kuzungumza wiki nzima. Nidhamu. Ukomavu. Adel Amrouche ni kocha wa mipango. Sikumsikia mtu hata mmoja akiuliza tulipiga mashuti mangapi golini kwao.

Miezi minne na ushee baadaye, Januari 21, 2024, tukawa San Pédro na Zambia. Simon Msuva akafunga dakika ya 11. Dakika ya 44 Roderick Kabwe wa Zambia akalimwa kadi nyekundu, Stars wakaenda mapumziko wakiongoza kwa bao na kwa idadi ya watu uwanjani. Nchi hii ilikuwa haijawahi kushinda mechi yoyote ya fainali za AFCON tangu iliposhiriki mara ya kwanza mwaka 1980 kule Nigeria, na sasa ushindi ulikuwa umebakiza dakika 45 dhidi ya watu kumi. Dakika ya 88 Clatous Chama akapiga kona, Patson Daka akaruka juu ya kila mtu, 1-1.

Kesho yake ile nidhamu ya Annaba haikutajwa tena. Ikawa ni uoga, ikawa ni kupaki basi, kujaza watu wote nyuma, mbele ya watu kumi. Benchi lilikuwa limebadilika, maana Amrouche alikuwa amefungiwa na CAF, shirikisho la soka Afrika, na kazi ikashikwa na Hemed Suleiman "Morocco" akisaidiwa na Juma Mgunda. Lakini wachezaji wengi walikuwa walewale, na walichokifanya baada ya kupata wanachokitaka hakikuwa mbali sana na kile tulichokipigia makofi Annaba.

Ndiyo maana nasema sisi mashabiki mbinu hatuzichambui. Tunachambua matokeo, halafu tunayavalisha jezi ya mbinu. Tukishinda tunarudi nyuma kutafuta kila kilichofanywa na kocha na kukiita akili. Tukitoka sare tunakichukua kilekile na kukiita upungufu. Mtu anaweza kushabikia mpira miaka arobaini kwa utaratibu huu na asijue chochote zaidi ya alichokijua mwaka wa kwanza, kwa sababu kila Jumatatu anaanza upya kulingana na ubao wa matokeo.

Hapa Dodoma, karibu na soko la Sabasaba, kwenye kahawa na kashata, niliwahi kumsikia dereva wa bodaboda akiilaani ile sare ya Zambia kwa sauti ya mtu aliyeibiwa pikipiki. "Mzee wangu, watu kumi! Unajazaje mabeki mbele ya watu kumi?" Mzee aliyekuwa anaongea naye, kikombe mkononi, akamuuliza taratibu, "Mwanangu, Annaba ulisema nini?"

"Annaba tulikuwa tunataka pointi moja, mzee."

"Na San Pédro ulikuwa unataka ngapi?"

Watu wakacheka, kijana akaonekana kashindwa. Mimi nadhani hakushindwa. Jibu lake la kwanza lilikuwa na uchambuzi ndani yake kuliko kelele zote zilizofuata. Annaba sare ilitosha, na mpinzani alikuwa kamili na yuko kwake. San Pédro sare haikutosha, na mpinzani alikuwa pungufu. Kukaa nyuma kunaweza kuwa sahihi pale na kosa hapa, na sababu isiwe bao la Daka. Sababu ni hali ilivyokuwa kabla ya bao la Daka. Tatizo la yule kijana ni kwamba hakuanzia hapo. Alianzia kwenye kona, akarudi nyuma kutafuta wa kumlaumu, na alipobanwa na swali akakosa pa kusimama.

Wenyeji wa huku wanalijua jambo hili vizuri kuliko wanavyodhani. Mkulima wa Chamwino akipanda mahindi na mvua ikaja vizuri, anamcheka jirani yake aliyepanda mtama. Mwaka unaofuata mvua inakatika Februari na kicheko kinahama uzio. Wazee hawampimi mtu kwa mavuno ya mwaka mmoja. Wanamuuliza alipoingia shambani alikuwa anajua nini kuhusu ardhi yake na mvua za Dodoma. Wazee haohao wakifika kijiweni wakakuta Yanga imefungwa, wanampima kocha kwa mavuno ya jana.

Mfano mzuri zaidi umekuja juzi tu. Ivory Coast tulimaliza na pointi 2: tulifungwa 3-0 na Morocco, sare na Zambia, sare ya 0-0 na DR Congo, tukashika mkia wa kundi na kurudi nyumbani. Hukumu ikawa kwamba Stars haina kiwango. AFCON ya Morocco, Desemba 2025, tulimaliza hatua ya makundi na pointi ngapi? Mbili. Tulifungwa na Nigeria 2-1, sare ya 1-1 na Uganda, sare ya 1-1 na Tunisia. Safari hii tukaingia hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia, na hukumu ikawa kwamba Stars imekua. Pointi zilezile, ushindi sifuri uleule.

Sisemi kwamba mechi zilifanana, wala sikatai kwamba timu ya 2025 ilicheza mpira wenye sura nzuri zaidi. Miguel Gamondi, aliyeazimwa kutoka hapa jirani Singida Black Stars baada ya Hemed Suleiman kuondolewa Novemba, aliitoa Stars nyuma na kuipa ujasiri wa kushika mpira mbele ya Tunisia. Bao la Feisal Salum la kusawazisha halikuwa la bahati. Lakini tazama uzi uliotushikilia ulivyokuwa mwembamba. Kwenye mechi ya Uganda, Msuva alifunga kwa penalti dakika ya 59, Uche Ikpeazu akasawazisha dakika ya 80, na dakika za nyongeza Uganda wakapata penalti yao. Allan Okello akaipaisha juu ya mwamba. Angeifunga, tungebaki na pointi moja baada ya sare ya Tunisia, na leo hii kijiwe kizima kingekuwa kinasema Gamondi amekurupuka. Uamuzi wa Gamondi haukubadilika hata chembe kati ya Okello kuweka mpira kwenye alama na Okello kuupiga. Hukumu yetu juu yake ilikuwa inaning'inia kwenye buti la mtu wa Uganda.

Na lipo la pili ambalo silisikii likisemwa kabisa. Tulipita kama mmoja wa washindwa bora, wale wanaomaliza nafasi ya tatu. Angola nao walikuwa na pointi 2 na tofauti ya mabao ileile ya -1. Tuliwapita kwa sababu tulikuwa tumefunga mabao matatu na wao mawili. Moja kati ya yale matatu alilifunga Charles M'Mombwa kwenye mechi tuliyofungwa na Nigeria. Lilikuwa la kusawazisha, lakini Nigeria wakafunga tena, tukalisahau na kuendelea kulaumu mabeki. Kumbe lilikuwa bao la kutuvusha. Nani aliukumbuka ule mchezo wa Nigeria alipokuwa anasifu timu kuingia 16 bora? Ulikuwa umeshafungiwa kwenye kabati la "tulifungwa", na kabati hilo huwa halifunguliwi.

Kwa nini tunatazama hivi? Jibu rahisi ni ushabiki, kwamba tuna mapenzi na mapenzi ni upofu. Mimi naona sababu iko pia machoni, kwenye namna tunavyoangalia mechi yenyewe. Wengi wetu tunaangalia kwenye kibanda umiza au baa, na kamera inafuata mpira. Beki wa kulia aliyepanda na kusahau kurudi haonekani kwenye kioo. Anaonekana beki wa kati aliyebaki peke yake na washambuliaji wawili, akisogea huku na kule, na tunasema amekabia macho, yaani ametazama tu bila kumfuata mtu. Kweli amekabia macho. Angekabia nini kingine? Watu wawili, yeye mmoja, akimfuata huyu anamwacha yule. Kosa lilishatokea sekunde kumi nyuma, upande ambao kamera haikuwepo, na aliyelifanya anaonekana anakimbia kwa bidii kurudi, kwa hiyo tunamsifu kwa kujituma.

Uwanjani Jamhuri, hapa Dodoma, mtu hana kisingizio cha kamera. Ukikaa mzunguko, kwenye majukwaa ya kawaida, hasa ukipanda ngazi kadhaa juu, unauona uwanja wote. Unaona umbali kati ya mabeki na viungo, unaona namba sita, kiungo mkabaji, amesimama wapi mpira ukiwa upande wa pili, unaona kama winga wa kushoto anarudi au amebaki mikono kiunoni. Vyote viko wazi mbele yako, kwa bei ya kiingilio. Bado macho elfu kadhaa yanafuata mpira, kila mtu ameigeuza shingo yake kuwa kamera. Jaribu mchezo mmoja tu: chagua dakika kumi, usiangalie mpira, mwangalie kiungo mkabaji wa timu yako. Utachoka haraka na jirani yako atakuona wa ajabu unapokosa kushangilia shuti. Lakini mwisho wa zile dakika kumi utakuwa unajua jambo ambalo yeye hatalijua hata akirudia vipande vya mechi usiku kucha.

Nikiwa hapo hapo Jamhuri, niseme la Dodoma Jiji, au Walima Zabibu, maana hawa ndio wanaonyanyasika kuliko wote kwa uchambuzi wa aina hii. Wapo Ligi Kuu tangu walipopanda mwaka 2020. Ni timu ya mji huu, lakini mji wenyewe una Simba na Yanga kwenye damu kabla ya kuwa na Jiji. Siku Yanga wakija, Jamhuri inageuka kijani na njano. Wakija Simba, nyekundu na nyeupe. Wenye timu tunakuwa wageni kwetu. Baada ya filimbi mazungumzo yanakuwa juu ya Yanga ilivyocheza: gusa achia, zile pasi zao za haraka, imekwenda wapi, kwa nini hawakufunga tano. Jiji wanatajwa kama kikwazo kilichoondolewa au kilichogoma kuondoka. Wakifungwa kimoja bila, "wamejitahidi." Wakifungwa manne, "tulijua."

Piga hesabu ndogo. Ligi ina timu 16, kila timu mechi 30, pointi 90. Mechi za Simba na Yanga ni nne, pointi 12. Ukiongeza za Azam unafika 18. Pointi 72 zilizobaki ziko kwa akina Mashujaa, Namungo, Prisons, Coastal Union na wenzao, mechi zinazochezwa saa kumi jioni siku ya kazi huku mzunguko umejaa nafasi. Hapo ndipo inapoamuliwa kama timu itamaliza katikati ya msimamo au itaangukia nafasi ya 13 na 14 na kwenda kucheza mtoano wa kubaki. Na hapo ndipo hatupo. Shabiki anayeiona Jiji mara mbili kwa msimu, dhidi ya Simba na Yanga, anaiona ikifanya kazi ambayo haiifanyi mara nyingine ishirini na sita: kujilinda kwa dakika tisini. Anaondoka na hukumu kwamba Jiji haijui kushambulia. Ameipima timu kwenye mechi ambazo hazifanani na maisha yake.

Dhidi ya timu za saizi yao Jiji wanakutana na swali gumu zaidi: mpira ni wako, mwenzako amekaa nyuma, utafanya nini? Kuanzia Agosti mpaka Oktoba kuna na upepo wa huku, ambao mchambuzi wa Dar es Salaam hauoni na sisi tunaouishi tunausahau tukiingia uwanjani. Kipa akipiga mpira mrefu dhidi ya upepo, unapanda vizuri, unafika juu ya duara la kati, halafu unasimama hewani na kushuka wima kama umekatwa kamba. Mshambuliaji aliyeanza kukimbia anaachwa mbele yake, kiungo wa wapinzani anaukuta miguuni bila jasho. Dakika kumi za namna hiyo na timu inakuwa imeupoteza mpira mara nyingi bila kukabwa na mtu. Mzunguko unapiga kelele, "Mshambuliaji mzigo! Toa huyo!" Anatolewa, anaingia mwingine, upepo ni uleule. Kilichotakiwa ni kipa kuanza na mabeki, mpira utembee chini mpaka wabadilishane upande. Kocha anayeagiza hivyo naye atazomewa, kwamba anachezea mpira nyuma, kwamba anaogopa. Naelewa kwa nini wengine wanachagua kubutua tu: mpira ukipotea mbali, lawama ni ya mshambuliaji; ukipotea karibu na boksi lako, lawama ni ya kocha.

Hapa mtu ataniuliza, basi tusilaumu? Tuseme kila kitu ni bahati, Okello kakosa, Daka kafunga, twende nyumbani? Hapana. Wapo wanaotumia lugha hii kuwakinga makocha, na viongozi wa klabu huipenda sana wakiwa katika hali mbaya. Namna ya kulaumu kwa haki ipo, na inaanza kwa kukataa kuhukumu kwa mechi moja.

Weka mechi tatu mezani. Cairo, Juni 27, 2019, Stars dhidi ya Kenya: Msuva dakika ya 6, Michael Olunga akasawazisha dakika ya 39, Mbwana Samatta akaturudisha mbele dakika moja baadaye. Tunaongoza 2-1. Kenya wakasawazisha tena dakika ya 62 kupitia Johanna Omolo, na Olunga akamaliza kazi dakika ya 80. San Pédro 2024: tunaongoza, dakika ya 88. Morocco 2025 dhidi ya Uganda: tunaongoza, dakika ya 80. Fainali tatu mfululizo tulizofuzu, benchi tatu tofauti, Emmanuel Amunike, Hemed Suleiman, Gamondi, na kila mara uongozi unatuponyoka na bao la kutuumiza linaingia dakika kumi za mwisho. Mechi moja ni ajali. Tatu zinazofanana, makocha watatu tofauti, hiyo si ajali tena, na wala si kosa la kocha mmoja unayeweza kumfukuza ukalala usingizi. Hapo wakosoaji wana hoja nzito. Ajabu ni kwamba hawaitumii. Wanapiga kelele juu ya kocha wa mechi ya mwisho na kuliacha lile linalojirudia.

Linalojirudia ni nini? Maoni yangu: Mtanzania akishapata bao hajui kupumzika na mpira. Anajua kupumzika bila mpira tu. Akichoka anaupiga mbali, mpinzani anauokota, anarudi nao, na yeye aliyetaka kupumzika anakimbia zaidi. Ukiwa na watu kumi na mmoja dhidi ya kumi, yupo mtu mmoja wa ziada mahali fulani uwanjani, na mara nyingi huwa pembeni, upande ambao mpira haupo. Kazi ni kumtafuta: pasi mbili fupi upande mmoja, wakimbilie huko, hamisha. Hufungi, ila unawakimbiza watu kumi mpaka dakika ya 70 hawana miguu ya kupanda kwenye kona. Zambia walikuwa na miguu dakika ya 88. Kabla ya kuuliza nani alimwachia Daka aruke, ningependa tuulize waliitoa wapi nguvu ya kuitafuta ile kona.

Hili linaanza chini, kwenye ligi yetu na kwenye viwanja vya mtaani ambako mtoto akiutuliza mpira karibu na goli lake anapigiwa ukunga na uwanja mzima, "Toa hapo!" Amekua akitoa hapo. Umri wa miaka 27, jezi ya taifa, dakika ya 85, anatoa hapo.

Kuna wakati refa naye anatufanyia kazi ya kutuzuia kufikiri. Yanga walipotolewa na Mamelodi Sundowns robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Aprili 2024, mazungumzo yote yalikwenda kwenye shuti la Stephane Aziz Ki pale Pretoria, lililogonga mwamba na kudunda kwenye mstari. Lilivuka, halikuvuka, hata leo ukilitaja kahawa inapoa. Mimi nina maoni yangu na sitayaandika hapa, tutagombana bure. Lakini katika kelele zile tulipitwa na kitu adimu: klabu ya Tanzania ilicheza dakika 180 na Sundowns, 0-0 nyumbani na 0-0 ugenini, bila kuruhusu bao mpaka penalti zilipoamua. Walikabaje? Viungo walisimamaje kuziba ile njia ya katikati ambayo Sundowns wanaipenda kuliko chakula? Hilo ndilo lilistahili kuchambuliwa miezi, maana linaweza kufundishwa kwa Jiji na kwa Singida na kwa timu ya shule ya sekondari. Tukabaki na mstari wa goli.

Sasa tuseme Jiji wanaongoza 1-0 pale Jamhuri dhidi ya timu ya saizi yao, dakika ya 75, na ubao wa sabu unanyanyuliwa: anatoka winga, anaingia beki wa tatu wa kati. Jukwaa litapiga makofi, na ikiisha 1-0 kocha atapewa maua yake. Mimi nitamlaumu hata akishinda. Winga yule akiwepo, beki wao wa kulia anapanda roho mkononi, na mwenzake mmoja wa kati lazima abaki naye. Watu wawili hawapo kwenye boksi letu. Akitoka, wote wawili wanakuja, na beki tuliyemwingiza ana kazi mbili mpya za kufidia moja tuliyoiondoa. Ningemtoa kiungo aliyeishiwa pumzi, nikaweka kiungo mwingine anayeweza kuutuliza mpira, na winga nikamwacha palepale karibu na chaki mpaka filimbi, hata kama hataugusa mpira tena.